Barua ya wazi kwa Kamishna wa Major League Baseball: miji midogo mnaidai nini tena?

Kwa: Mheshimiwa Rob Manfred, Kamishna wa Major League Baseball, New York
Na kwa: wamiliki wa timu zote 30 za Ligi Kuu ya besiboli ya Marekani (ndiyo Major League Baseball, MLB)
Kutoka kwa: shabiki wa ligi ndogo, Tennessee Mashariki

YAH: LESENI ZA TIMU ZA MIJI MIDOGO KABLA YA 2030, NA DENI LENU KWA WATU KAMA JOE ENGEL

Mheshimiwa Kamishna,

Salamu kwanza. Nakuandikia kwa heshima zote za ofisi yako, na nakuandikia hadharani kwa sababu barua za kawaida zilishaandikwa na watu wakubwa kuliko mimi na hazikuzuia kitu. Novemba 2019 wabunge zaidi ya 100 wa Congress, Democrats na Republicans pamoja, waliwaandikia wakiomba muachane na mpango wa kuzifuta timu za ligi ndogo. Wakaunda na kikosi kazi cha kuzitetea, kina Lori Trahan wa Massachusetts na David McKinley wa West Virginia. Mameya nao wakapiga kelele. Desemba 2020 mkatangaza majina ya timu 120 mlizoalika, zilikuwa 160, yaani timu 40 zikabaki nje hivihivi. Sasa zile leseni za miaka 10 mlizozipa timu zilizobaki zinafika mwisho 2030 na sisi wa huku chini tunasubiri kuambiwa tena nani anabaki nani anaenda, mimi sitaki kusubiri mpaka siku ya kuambiwa.

Nimeandika kwa Kiswahili makusudi. Tunaozungumza Kiswahili tuko wengi kwenye miji midogo ya Marekani, Wakongo, Warundi, Watanzania, Wakenya, watoto wetu wanakulia jirani na hivi viwanja, na huko Afrika Mashariki kuna vijana wanaoucheza huu mchezo kwa moyo wote. Nataka ndugu zangu wasome na waelewe. Na kwa wasiofuatilia niseme kwa kifupi ilivyo: kila timu ya Ligi Kuu ina timu nne za vijana wanaopandishwa ngazi kwa ngazi, Single-A, High-A, Double-A, Triple-A. Timu kubwa inalipa mishahara ya wachezaji na makocha, afu mwenye timu pale mjini anahangaika na mengine yote, kuuza tiketi, kuuza karanga na soda, kutafuta matangazo ya ukutani, kulipa wafanyakazi, kubembeleza watu watoke nyumbani Jumanne usiku kuja kuangalia vijana wasiowajua. Huyo wa mwisho, huyo promota wa mjini, ndo ninayemtetea hapa.

Naanza na Joe Engel. Alizaliwa Washington 1893, akawa mrushaji wa Washington Senators enzi za Walter Johnson, baadaye skauti, yaani msaka vipaji, na ndiye aliyemleta Joe Cronin kwenye timu ile kabla watu hawajamjua Cronin ni nani. Mwishoni mwa 1929 bosi wake Clark Griffith, mwenye Senators, akamkabidhi timu ya ligi ndogo ya Chattanooga Lookouts, hapa hapa Tennessee. Hebu angalia huo mwaka. Soko la hisa la New York limeanguka Oktoba, mabenki yatafungwa, Chattanooga ni mji wa viwanda na viwanda vinaenda kupunguza watu, na huyu bwana anapewa uwanja mpya wa kujaza, uliofunguliwa 1930 ukaitwa kwa jina lake, Engel Stadium, wa watu kama elfu 12, ukuta wa katikati uko futi 471 kutoka kwa mpigaji na kuna kilima humohumo ndani ya eneo la kuchezea.

Angeweza kukaa ofisini akasubiri uchumi utulie. Engel aliingia mtaani. Alitundika vizimba vya ndege wanaoimba jukwaani ili mama na watoto wafurahi hata kama timu inafungwa. Alimuuza mchezaji wake Johnny Jones kwa timu ya Charlotte akapokea bata mzinga, akamchoma, akawaita waandishi wa habari waje kula, na magazeti yakaandika. Alifanya maonyesho ya kuwinda tembo uwanjani, tembo wa bandia, watu wako ndani. Wakamwita Barnum wa besiboli, kwa jina la yule mtu wa sarakasi. Aprili 2, 1931 New York Yankees walikuwa wanapita Chattanooga kucheza mechi ya kirafiki na Engel akampanga binti wa miaka 17, Jackie Mitchell, awarushie mipira Babe Ruth na Lou Gehrig, wapigaji nyota wa Yankees, binti ambaye utotoni alifundishwa kurusha na jirani yao Dazzy Vance, na huyo Vance alikuwa moto Ligi Kuu. Ruth akatolewa, akaondoka kwa hasira. Gehrig akazungusha gongo mara tatu, hewa tupu. Yankees walishinda 14-4 mwisho wa siku na watu wanabishana hadi leo kama wale wakubwa walikosa kweli au walikubaliana kukosa, ila habari ilienda nchi nzima na jina lililosomwa ni la Chattanooga, mji ambao wengi hawakuwa na sababu ya kuutaja.

Afu 1936 akatangaza kwamba shabiki mmoja ataondoka na nyumba. Nyumba kabisa, na fanicha ndani. Fikiria hali za watu mwaka huo. Wakaja zaidi ya 24,000 kwenye uwanja wa elfu 12, ikabidi kamba zifungwe na watu wakae ndani ya uwanja wenyewe nyuma ya wachezaji. Na Griffith alipotaka kuachana na timu mwishoni mwa miaka hiyo ya 1930, Engel akazunguka kuuza hisa kwa mashabiki, watu wa kawaida wa mji ule, timu ikabaki Chattanooga. Mimi hapo ndo ananipata zaidi, kuliko hata ile nyumba, kwa sababu kutoa zawadi mtu yeyote mwenye hela anaweza lakini kuwaambia watu wenye njaa kwamba hii timu ni yenu nunueni kipande, na wakanunua, hiyo inataka mtu waliyemwamini.

Sitamfanya malaika. Timu yake ilikuwa ya Wazungu watupu, kama ligi nzima ya Southern Association. Katika historia yote ya ligi ile, mchezaji mweusi aliyewahi kuingia uwanjani ni mmoja, Nat Peeples wa Atlanta, 1954, mechi mbili tu wakamwondoa. Satchel Paige, mrushaji mweusi maarufu, alianza kulipwa kwa kucheza hapo hapo Chattanooga 1926, kwenye timu ya watu weusi, na mlango wa Lookouts haukuwa wake. Ligi iligoma kubadilika mpaka ikafa, msimu wa mwisho ni 1961. Mtu mweusi anayemsifia Engel lazima aliseme hili na nimelisema. Lakini pia nakumbusha kwamba baada ya ligi kufa Chattanooga ilipata timu tena 1963 mpaka 1965, ikapotea, Engel akafariki 1969 mji ukiwa hauna timu, na timu ilirudi 1976. Miaka kumi watoto wa mji wanakua bila besiboli ya kulipwa, mtaani kwao, na uwanja upo. Ndo maana nikisikia mtu ofisini anasema "mji huu tutaupumzisha kidogo" najua kidogo hiyo inaweza kuwa utoto mzima wa mtu.

Sasa malalamiko yangu.

1. Mlikata kwa orodha. Novemba 2019 ilipovuja ile orodha ya timu 42 za kufutwa, Chattanooga ilikuwemo. Mji wa Engel! Timu yenye historia tangu karne ya 19, iko Double-A, inaingiza watu, ikawekwa kwenye karatasi pamoja na nyingine 41 kama vile hakuna aliyewahi kutoka jasho pale. Ilinusurika mwishoni, wengine hawakunusurika. Ligi ya New York-Penn iliyokuwepo tangu 1939 ikafutwa yote. Frederick na Hagerstown za Maryland, Trenton ya New Jersey, Lowell ya Massachusetts, Burlington na Clinton za Iowa, wote nje. Huku kwetu Tennessee Mashariki mkaichukua ligi ya Appalachian, mkaigeuza ya wanachuo wa kiangazi, Elizabethton, Johnson City, Kingsport, Greeneville, miji ambayo ukimtaja mtu wa nje hajui iko wapi lakini Kirby Puckett alianzia Elizabethton 1982 na leo yuko Hall of Fame, ukumbi wa heshima wa besiboli. Na hii yote mwaka mmoja baada ya msimu wa 2019 ambao ligi ndogo ziliingiza watazamaji zaidi ya milioni 41. Duka lenye wateja wote hao mngelifunga matawi robo nzima?

2. Mmewageuza wenye timu kuwa wapangaji. Tangu 1901 ligi ndogo zilikuwa na chama chao wenyewe, mwenye timu alikuwa na kiti chake ndani ya ligi na mlikaa naye mezani mkakubaliana. Mkataba ule uliisha Septemba 2020 na badala yake mkaleta leseni, na masharti ya leseni mnaandika nyie. Hebu niambie, Mheshimiwa, promota gani mwenye akili zake atafanya kama Engel, amwage hela yake na usiku wake kwenye mji mdogo, wakati hajui mwaka 2031 atakuwa na timu au hana? Matokeo yake tunayaona. Familia zilizoendesha timu miaka na miaka zinauza, na anayenunua ni kampuni. Diamond Baseball Holdings ilianza 2021 na sasa ina zaidi ya timu 40 kati ya hizo 120. Sina ugomvi na watu wanaofanya kazi humo, wengine ni wazuri sana na mji unawapenda, ila theluthi nzima ya ligi ndogo kuwa kwenye mfuko mmoja si jambo dogo, na wala si mashabiki waliolitaka.

3. Viwanja. Mlitoa viwango vipya, vyumba vya wachezaji viwe na ukubwa fulani, taa za aina fulani, sehemu za kupigia mazoezi ndani, vyumba vya kubadilishia vya wanawake wanaofanya kazi kwenye timu. Hilo la wanawake nawapongeza kabisa na lilichelewa. Vijana kulishwa vizuri na kufanya mazoezi kwenye taa nzuri, nani atapinga. Swali langu ni bili inaenda kwa nani. Inaenda mjini. Chattanooga ilikuwa na uwanja uliofunguliwa mwaka 2000, uwanja wa robo karne tu, na ikabidi mji na kaunti waingie kwenye mradi wa uwanja mwingine kwenye eneo la viwanda vya chuma vya zamani, 2022 tukaambiwa ni kama dola milioni 80, baadaye gharama zikapita milioni 100. Watetezi wanasema eneo lile litafufuka na maduka na nyumba na kodi italipa lenyewe, na naomba Mungu iwe hivyo. Lakini mji mdogo ukiambiwa jenga au timu iondoke hapo hakuna mazungumzo tena, diwani atapiga kura gani? Akikataa anaitwa aliyeua timu. Kule juu kuna ligi ambayo mapato yake yalishapita dola bilioni 10 kwa mwaka hata kabla ya korona, na shimo la fedha linachimbwa kwenye bajeti ya shule na barabara za watu wa huku chini. Weka mkono mfukoni, Mheshimiwa, weka hata nusu.

4. Mlango wa kuingilia umekuwa mwembamba. Usajili wa vijana (draft), ambapo timu zinachagua kwa zamu, ulikuwa raundi 40 mpaka 2019, 2020 mkafanya raundi 5, tangu 2021 ni 20. Mnasema wanaochukuliwa raundi za chini hawafiki popote. Mike Piazza alichukuliwa raundi ya 62, mwaka 1988, mchezaji wa 1,390, akapelekwa kuanzia Salem, Oregon, kwenye ligi ile ile ya msimu mfupi mliyoiua mfumo wake. 2016 akaingizwa Hall of Fame. Na Keizer, mji uliopakana na Salem, ulikuwa kati ya iliyopoteza timu 2020.

5. Hili la tano linanigusa mimi na watu wangu, kwa hiyo nitakaa nalo. Mnapenda kusema mnataka besiboli ienee Afrika. Ni jambo zuri na naliamini. Basi mjue besiboli ya Afrika Mashariki ilibebwa na nani. Uganda kuna Mmarekani anaitwa Richard Stanley, injinia mstaafu, aliyejenga viwanja nje kidogo ya Kampala kwa hela zake ili watoto wa kule wacheze. Unajua huyo Stanley alitokea wapi kwenye besiboli? Alikuwa mmoja wa wamiliki wa Trenton Thunder. Trenton, timu mliyoiondoa 2020. Mapenzi ya mchezo yaliyofika Uganda yalipitia kwa mtu wa timu ya mji mdogo.

Endelea. 2011 watoto wa Uganda walishinda nafasi ya kwenda Little League World Series, mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto, kule Williamsport, Pennsylvania, wakanyimwa viza kwa sababu ya utata wa tarehe za kuzaliwa kwenye karatasi, mpaka timu ya Langley ya Canada iliyokuwa icheze nao ikafunga safari Januari 2012 kwenda Uganda kuwapa mechi yao. Mwaka huo huo wa 2012 watoto wa Lugazi, mji mdogo wa viwanda vya sukari kwenye barabara ya Kampala kwenda Jinja, wakawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza Williamsport, wakawafunga vijana wa Gresham, Oregon, 3-2. Watu wa Williamsport waliwapokea wale watoto vizuri mno. Mji ule ambao dunia nzima ya besiboli ya watoto inakusanyika kila Agosti nao ulikuwa na timu ya ligi ndogo, Crosscutters, chini ya Philadelphia Phillies wa Ligi Kuu. Mkaiondoa. Ikapelekwa MLB Draft League, ligi ya vijana wanaotafuta kuchaguliwa kwenye draft.

Halafu Dennis Kasumba. Kijana wa Uganda aliyejulikana kwa video zake akifanya mazoezi na matairi ya gari na vifaa vya kuokoteza, mdakaji, kijana asiye na kitu ila hamu. 2023 alipata viza akaja kuvaa jezi ya timu ya Marekani, na timu iliyompa nafasi ilikuwa Frederick Keys. Wale wale wa Frederick waliokuwa chini ya Baltimore Orioles wa Ligi Kuu tangu 1989 mkawatoa nje. Kwa hiyo ukihesabu Trenton, Williamsport na Frederick, milango mitatu ambayo besiboli ya Uganda ilipitia kwa namna moja au nyingine, yote mitatu iko kwenye ile miji 40 mliyoona haihitajiki. Sisemi mlijua. Nasema hamkuuliza. Mtu wa pale mjini angewaambia.

6. Na mwisho, hakuna pa kwenda kulalamika. Tangu 1922 Mahakama Kuu ya Marekani ilisema sheria za kuzuia ukiritimba haziwahusu, 1998 Congress ikalegeza kwa wachezaji wa Ligi Kuu tu, ligi ndogo ikaachwa pale pale. Timu nne zilizofutwa zilikwenda mahakamani Desemba 2021, kesi ikamalizwa nje ya mahakama 2023 kabla majaji wakubwa hawajaigusa. Mji usio na timu haukupata jibu.

Najua majibu yenu, nimeyasoma yote, kwa hiyo niyapitie.

Mtasema ilikuwa korona, msimu wa 2020 wa ligi ndogo haukuchezwa kabisa na hali ilikuwa mbaya. Kweli haukuchezwa. Lakini mpango wenu ulijulikana Oktoba 2019, korona haijasikika popote. Korona iliwanyamazisha tu waliokuwa wanawapinga, maana timu bila mechi haina hela, haina nguvu ya kubishana.

Mtasema ilikuwa kwa ajili ya mishahara ya wachezaji, wachache walipwe vizuri zaidi. Hili naliheshimu kwa sababu vijana wale walikuwa wanalipwa vibaya sana, wa Single-A alikuwa anapata kama dola 290 kwa wiki na tena msimu tu, wengine wanalala sita kwenye chumba. 2021 mliongeza, ndiyo. Ila mshahara uliopanda kweli ulipanda 2023, baada ya wachezaji wenyewe kujiunga na chama chao 2022 na kukaa na nyie mezani, na ile kesi yao ya mishahara mkailipa dola milioni 185. Walipata kwa kudai. Kufuta Elizabethton hakukuwapa chakula.

Mtasema mbona mpira bado unachezwa kwenye hiyo miji, kuna ligi za wanachuo, kuna Draft League, kuna ligi huru zisizo chini ya Ligi Kuu. Upo, na nawavulia kofia waliobaki kuuendesha maana ni watu wa aina ya Engel haswa. Hagerstown walikaa miaka mitatu bila timu ya kulipwa, uwanja wao wa 1930 ukabomolewa, uwanja ambao Willie Mays alicheza mechi yake ya kwanza ya ligi ndogo 1950 akiwa na Trenton huku anatukanwa kwa rangi yake, ndo wakajenga mwingine wakaingia ligi huru 2024. Wamejikwamua wenyewe. Mtu aliyejikwamua mwenyewe hamuwezi kumtaja kama ushahidi kwamba hamkumuumiza. Na mwanachuo wa kiangazi halipwi, anaondoka Agosti, mtoto wa mji hawezi kumfuatilia akipanda ngazi mpaka amwone kwenye televisheni aseme huyu nilimuona hapa kwetu, alinisainia mpira. Hicho ndo promota alikuwa anauza, na hakina mbadala.

Mtasema viwanja vingine vilikuwa vibovu na safari za basi ni ndefu mno. Vingine vilikuwa vibovu, sitabisha. Vingetengenezwa kwa kusaidiana.

Ninachoomba ni hivi.

Kwanza, kabla ya mwisho wa 2027, tangazeni hadharani kwamba idadi ya timu haitashuka chini ya 120 kwenye mkataba utakaofuata 2030, na kwamba leseni mpya zitakuwa ndefu kiasi cha mtu kuweza kukopa benki na kupanga. Miaka 20 ingefaa.

Pili, miji mliyoondoa 2020 ipewe njia ya kurudi, yenye masharti yaliyoandikwa na kuchapishwa, mji ukiyatimiza unarudi. Saivi hakuna njia, kuna kusubiri simu.

Tatu, kila mara mnapotaka uwanja urekebishwe kwa viwango vyenu, Ligi Kuu ichangie sehemu inayojulikana, na mji usiwe na wakazi wanaofunga maktaba kulipia chumba cha mazoezi cha timu ya mabilionea.

Nne, wekeni kikomo cha timu ambazo kampuni moja inaweza kumiliki, na muwape mashabiki na halmashauri haki ya kununua kwanza pale mwenye timu anapouza. Engel aliuza hisa kwa watu wa Chattanooga wakati wa njaa na ikafanya kazi, leo watu wa mji wakitaka kufanya hivyo kwa timu yao hawana mlango ulioandikwa popote.

Tano, na hili ni kwa Chattanooga peke yake lakini naliweka: Engel Stadium uko kwenye orodha ya taifa ya maeneo ya kihistoria tangu 2009 na unazeeka. Ligi Kuu ikae na wenye uwanja na mji, ichangie kuuhifadhi, na historia itakayoandikwa pale iwe nzima, Jackie Mitchell awepo, Satchel Paige awepo, na ubaguzi wa ile ligi uandikwe wazi bila kupakwa rangi.

Sita, mnapotafuta vijana Afrika Mashariki, muwahusishe watu wa miji kama Frederick, Trenton na Williamsport waliokwisha fungua mlango bila kuombwa. Kijana wa Lugazi akija huku anahitaji mji utakaomjua jina, familia ya kumpa chumba na chakula, mtu wa kumpeleka kanisani au msikitini. New York haina huyo mtu. Miji hii inaye.

Barua hii nimeituma pia kwa Kiingereza kwenye ofisi yako, na ninaomba majibu yake yawe ya wazi kama ilivyo yenyewe, kwa hoja, moja moja, kwa sababu wanaosubiri ni wengi na hawana ofisi ya kuwasemea. Wenzangu mnaoishi kwenye miji yenye timu hizi, ulizeni madiwani wenu leseni ya timu yenu inaisha lini na nani anamiliki timu, muwaulize sasa hivi, 2030 iko karibu.

Wako kwa heshima,

Shabiki wa ligi ndogo
Tennessee Mashariki, Marekani

Nakala: wamiliki wa timu 30, wabunge wa Tennessee kwenye Congress, halmashauri za miji yenye leseni